Chanjo asilimia 104, surua bado ipo

Swali: Ripoti ya wilaya inaonyesha chanjo ya surua asilimia 104, ila vijiji vya pembezoni vinaugua. Tunakosea wapi?

Jibu: Kwenye idadi ya walengwa, yaani watoto wanaopaswa kuchanjwa. Ni makadirio ya sensa ya zamani, tena watoto wa wilaya jirani wamehesabiwa kati ya waliochanjwa. Wastani wa wilaya nao unaficha vijiji vilivyoachwa nyuma. Chambueni kijiji kwa kijiji.

Jibu: Daftari la kituo halina wasiofika kabisa. Mhudumu wa jamii apite nyumba kwa nyumba, asome kadi, asitosheke na "amechanjwa".

Jibu: Muulizeni pia muuguzi. Chupa ya dozi 10 ikishachanganywa hutupwa ndani ya saa 6, basi wakija watoto wawili huwarudisha, akiogopa kupoteza dozi zinazobaki. Sera iseme wazi: fungua chupa. Hasara hiyo ibebwe kwenye bajeti.