Kolsenta Nairobi: mdogo wangu aende ama abaki Malindi?

MwanaMaweni:
Salaam jamani. Mdogo wangu yuko risepsheni kwa hoteli moja huku, na low season si mwaijua, Aprili mpaka Juni waambiwa wakae nyumbani bila mshahara. Sasa kapata kolsenta Nairobi, kupokea simu za wateja wa kampuni ya Marekani, kontrakti ya miezi mitatu mitatu. Mama hataki hata kusikia. Na mie chanishangaza, kijana amwaga Kitaliano lakini huko wamchukulia Kiingereza tu. Mlioifanya hii kazi mwasemaje?

BintiBarani:
Kwanza aulize shifti. New York wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi au kumi na moja jioni, kwa hivyo akitoka ni saa sita saba usiku, na ikiwa wateja ni wa California ndo kabisa, atakutana na adhana ya alfajiri njiani. Aulize nani alipa teksi ya usiku!! Mie yangu (siitaji kampuni) walitulipia mwanzo halafu wakanyamaza, nusu ya mshahara ikawa yaishia kwa nauli na rent. Halafu kila kitu wapimwa, dakika za simu, dakika za choo. Ila sitodanganya, mshahara waingia tarehe ile ile, hoteli gani hapa yafanya hivyo?

Kaka_Ngala:
Tatizo si shifti, tatizo ni kwamba hii kazi hufuata bei. Serikali iliiweka kwa Vision 2030, ule mpango wake wa maendeleo, kebo za intaneti za baharini zikafika Mombasa 2009, tukaambiwa vijana wote watapata. Ufilipino wako zaidi ya milioni moja na nusu kwa hizi kazi, lakini wao walianza zamani, sisi twapata kontrakti fupi fupi. Yule Mmarekani akiona pengine ni rahisi ahama, na wewe huna wa kumdai kwa sababu aliyekuandika si yeye, ni kampuni ya katikati. Ndo maana ile kesi ya waliokuwa wakichuja video za Facebook pale Nairobi ni kubwa, Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema Meta, wenye Facebook, yaweza kushtakiwa hukuhuku Kenya.

ShellaBoy:
Hapo kwa Kitaliano mwaniuma roho. Simu nyingi za Waitaliano zapokewa Albania!! Wale walijifunza kwa kutazama TV ya Italia, sisi twaongea nao ana kwa ana tangu utotoni, ufuoni na madukani. Na saa zetu zatofautiana na zao saa moja tu ama mbili, hakuna cha kukesha. Sawa, Italia wana sheria tangu 2012, mteja lazima aambiwe simu yapokewa nchi gani na aweza kukataa, lakini Albania si ndani ya EU na wafanya vilevile. Huku kilichobaki ni stima isiyokatika na mtu wa kutafuta hizo kontrakti. Kaunti yajenga masoko tu.

MwanaMaweni:
Shukran. Teksi nimemuuliza, asema haimo kwa kontrakti. Nimemwambia asisaini mpaka iandikwe. @ShellaBoy ukisikia hata mtu mmoja afungua ya Kitaliano hapa ama Watamu niambie, hata kama ni chumba kimoja na hedset tano.