Mjadala: Watoto wa darasa la sita waache kutafuta vigawo tasa kwa mkono?

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi. Kwenye kikao cha wazazi mzazi mmoja alisimama akasema watoto wanapotezewa muda: kwa nini wahangaike kutafuta vigawo tasa vya namba ndefu (yaani kuivunja kuwa namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) wakati simu inatoa jibu papo hapo? Akapigiwa makofi. Mimi sikupiga. Naomba nieleze sababu, kisha mnipinge.

Jioni ile nilimpa binti yangu namba inayotuhusu wote: 61,741,120, idadi ya Watanzania kwa sensa ya 2022. Inaishia na sifuri, kwa hiyo akaanza na 10, yaani 2 na 5. Ikabaki 6,174,112. Akaigawa kwa 2 mara tano mfululizo hadi 192,941, ambayo ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni 26, basi 3 haiingii. Akajaribu 7, ikaingia bila baki: 27,563.

Hapo ndipo jasho lilipoanza. 7 tena, haiingii. 11, 13, 17, 19, zote zinaacha baki. Alifuta hadi daftari likatoboka, na mimi nilikuwa karibu kumwambia aache akalale. Alipofika 43 ikaingia, ikabaki 641. Nikamwambia sasa aikague hiyo 641 kama nayo ni tasa. Akanitazama: "Baba, ya nini? Ndogo zote zimeshakataa. Kama zingeingia kwenye 641, zingeingia na kwenye 27,563." Ni kweli kabisa, na mimi nilikuwa sijaliona hilo! Simu ingempa 641, lakini hoja ile isingempa.

Na 641 si namba ya hivihivi. Mwanahisabati Fermat wa Ufaransa aliamini 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417. Kwa mkono.

*Jibu la kwanza:* Mkuu, hongera kwa binti, ila umemkeshesha bure. Mimi nina kibanda soko la Mbuyuni. Nataka kijana ajue chenji na faida. Na mwalimu mwenye darasa lililofurika atasahihisha saa ngapi madaftari ya namna hiyo?

*Mleta mada:* La mwalimu nakubali, ndugu yangu, hapo umenishika. Namba ya tarakimu nane kila siku ni mateso. Lakini la chenji sikubali. Anayejua kuona kwamba hesabu fulani haihitaji kurudiwa ndiye utakayemwachia kibanda. Halafu hilo la simu kumaliza kila kitu si kweli: tangu 1977 kuna kufuli za siri, yaani njia za kuficha ujumbe kwenye kompyuta, zinazotegemea ugumu huuhuu, maana namba ya mamia ya tarakimu iliyotokana na tasa mbili kubwa huzishinda hata kompyuta.

Kwa hiyo nabadilisha pendekezo: namba kubwa moja kwa muhula, darasa zima ubaoni, bila simu. Walimu mliopo humu, hilo linawezekana?