Kikundi: Wana wa Kisiwa cha Uzi, Zanzibar (siasa hairuhusiwi)

Shangazi Mkubwa: Asalaam alaykum watu wangu. Nani anayo ile flashi ya Nassor, yenye tamthilia ya Vera? Mie nshatizama tano, ya sita bado.

Mwana: Waalaykum salaam Shangazi. Tano?! Si kila moja saa na nusu?

Shangazi Mkubwa: Ndiyo. Usingizi wa wazee mfupi, mwanangu.

Ami Khamis: Waalaykum salaam. Masaa saba na nusu unamtizama mzungu wa kike mwenye kofia ya mvua. Ungeshona makawa mawili.

Shangazi Mkubwa: Khamis, huyo mwenye kofia ana akili kuliko wewe na mimi tukijumlishwa.

Zuhura: Mimi ndiye niliyemuambukiza, nisameheni 😂 Ni Vera, mkuu wa upelelezi kule Northumberland, kaskazini ya Uingereza.

Nassor (Uingereza): Huku ilianza 2011, ya mwisho imetoka Januari 2025. Na Brenda Blethyn, anayecheza Vera, kazaliwa 1946. Pigeni hesabu wenyewe.

Mwana: Kumbe bibi yetu kabisa!

Shangazi Mkubwa: Ndiyo maana nampenda. Hajirembi, haruki kuta, hana bastola. Koti lile lile, Land Rover kuukuu. Anaingia jikoni kwa watu, anapewa chai, anakaa kimya. Na watu nao wanasema mbele yake kama vile yeye ni kanga imeanikwa uani. Mwanamke akishapita hamsini hakuna anayemuona tena. Basi yeye hapo ndipo anapowakamatia.

Mwana: Kanga imeanikwa 😂😂😂

Ami Khamis: Halafu Vera anamwita hata muuaji "mpenzi".

Nassor (Uingereza): Ndivyo watu wa kule wanavyosema Ami, hata muuza samaki utamsikia. Kama sie tunavyomwita kila mtoto "mwanangu".

Zuhura: Ami, umeyajuaje hayo?

Ami Khamis: Napita tu sebuleni.

Shangazi Mkubwa: Haya, hiyo ya sita ina nini?

Nassor (Uingereza): Hiyo nimekutilia makusudi. Ya kisiwa cha Lindisfarne. Njia ya gari inafunikwa na maji mara mbili kila siku, mpaka bahari ipwe ndiyo mtu avuke. Nilipoiona nikasema, lo, hii Uzi iliyotiwa kwenye friji.

Zuhura: Mimi nilisoma kitabu kwanza, cha Ann Cleeves. Marafiki wa tangu ujana wamekutana kisiwani, mmoja anakutwa maiti. Na zamani alikuwako mwenzao, alikufa kwenye njia hiyo hiyo akikimbizana na maji. Siongezi neno.

Shangazi Mkubwa: Njia ya maji tena? Ngojeni nirekodi sauti.

Shangazi Mkubwa: Imekataa. Naandika basi. Mie nimezaliwa Uzi, njia ya maji hamnisimulii. Tukivuka kwenda Unguja Ukuu viatu kichwani, buibui limekunjwa magotini, mikoko huku na huku, mawe yanateleza kama bamia. Marehemu baba hakuwa na saa, akitazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakupwa mbali kisha yanarudi na ghadhabu zake. Mwezi nusu ni maji mafu, hapo hata mvivu anafika. Na kila siku maji yanachelewa kuliko jana, dakika 50 hivi, kwa hivyo aliyevuka saa nne juzi asije leo akasema "saa nne njia nyeupe". Siku ya harusi ya Bi Mdogo alikuja dereva wa mjini, tukamwambia ngoja, akasema nitawahi. Gari lilizimika katikati. Sufuria la pilau likaelea, likaondoka zake kama mtumbwi kuelekea mikokoni, kifuniko juu. Bwana harusi akatolewa mgongoni kama gunia la karafuu.

Ami Khamis: Aliyembeba ni mimi. Mgongo unauma mpaka leo.

Mwana: 😂😂 Na pilau?

Ami Khamis: Ililiwa. Ilikuwa na chumvi kidogo.

Zuhura: Lakini wazungu si wana ratiba ya maji?

Nassor (Uingereza): Wanayo, imebandikwa pale pale njiani. Na bado magari yanakwama. Wamejenga kibanda cheupe juu ya nguzo, ukinaswa unaacha gari, unapanda ngazi, unakaa humo kungoja waokoaji.

Shangazi Mkubwa: Ratiba wanayo na kibanda wanacho? Makubwa.

Shangazi Mkubwa: Basi muuaji huyu wangu. Niambieni tu usiku ule mwezi ulikuwaje.

Zuhura: Shangazi, hayo sikumbuki hata kama yameonyeshwa.

Shangazi Mkubwa: Nitautafuta dirishani kwao.

Ami Khamis: *Ujumbe huu umefutwa*

Zuhura: AMI!!!

Mwana: Nimeuona 😭 nimeona jina la muuaji

Nassor (Uingereza): Nami.

Shangazi Mkubwa: Na mimi. Khamis, si ulikuwa ukipita tu sebuleni?

Ami Khamis: Nilipita, nikakuta kiti.

Shangazi Mkubwa: Kwa dakika tisini. Na flashi iko kwa nani?

Mwana: 👀

Ami Khamis: Iko kwangu, nilisahau kusema. Nitaileta wiki ijayo, kesho maji yanajaa, sitovuka.

Shangazi Mkubwa: Kesho mwezi una siku saba, ni nusu. Maji mafu, na saa kumi jioni yatakuwa yamekupwa. Nakutilia chai, njoo na mkate wa kumimina. Tutakaa jikoni.

Ami Khamis: Inshallah.

Shangazi Mkubwa: Mkate uwe wa moto, mpenzi.