Je, wema unamhitaji Mungu ili uwe wema?

Swali
Ndugu zangu, mimi ni Mkristo, na nimesikia mara nyingi ikihubiriwa kwamba bila Mungu hakuna jema wala baya, bali matakwa ya watu tu. Hata hivyo namfahamu muuguzi asiyeamini ambaye saa tisa usiku, wodi nzima ikiwa imelala na msimamizi hayupo, huinuka kumgeuza mgonjwa aliyepooza ili asitokwe na vidonda mgongoni. Ikiwa wema wake ni wa kweli, hoja yetu imesimama juu ya nini?

Jibu la kwanza
Ndugu, kujua lililo jema ni jambo moja, na chanzo cha wajibu wa kulitenda ni jambo lingine. Paulo mwenyewe, katika Warumi 2:14-15, anakiri kwamba watu wa mataifa wasio na torati huyatenda yaliyomo humo, kwa kuwa yameandikwa mioyoni mwao. Kwa hiyo muuguzi huyo haipingi imani yetu hata kidogo. Malezi yanaweza kueleza jinsi dhamiri yake ilivyokua, lakini hayaelezi kwa nini angekuwa amekosa kweli kama angeendelea kusinzia.

Jibu la pili
Mimi siamini, na naona maumivu ya mgonjwa ni sababu tosha. Amri ya Mungu inaongeza nini hapo? Tena katika kitabu chake *Euthyphro*, Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anamwonyesha mwalimu wake Socrates akiuliza kama kitakatifu hupendwa na miungu kwa kuwa ni kitakatifu, au ni kitakatifu kwa kuwa hupendwa nayo. Mkishika hili la mwisho, ukatili ungekuwa wema endapo ungeamriwa. Mkishika lile la kwanza, wema hauhitaji amri.

Jibu la kwanza, tena
Swali hilo ni zito, wala halifai kukwepwa. Thomas Aquinas (1225–1274), mwanateolojia wa Kikristo, alifundisha kwamba Mungu hapokei wema kutoka nje yake, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye wema. Basi hawezi kuamuru ukatili bila kujikana. Naliona hilo kuwa jibu la kweli, ingawa Abrahamu alipoiombea Sodoma (Mwanzo 18:25) alisema kana kwamba haki ni kipimo wanachokijua wote wawili, yeye na Mungu, na hapo bado natafakari. Ama maumivu, yananijulisha kwamba mtu anateseka. Kinachonidai mimi niinuke ni nini?

Muuliza swali
Nawashukuru nyote. Jana nilimwuliza muuguzi swali hilohilo la mwisho. Alinitazama kwa mshangao, akasema: "Yeye hawezi kujigeuza."