Mafundi wa visu vya minofu, acheni kutuuzia bati la sinki!

Asalaam alaykum wanajukwaa. Nafungua uzi huu kwa hasira na sitaki kuificha.

Kazi yangu ni kupasua samaki, Malindi, Unguja. Natoa minofu ya nguru, kolekole na jodari kwa ajili ya mahoteli. Kazi hii haitaki panga wala kisu kinene cha kuchinjia. Inataka kisu chembamba, si cha kukunja cha mfukoni, bapa na msuka (ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini) kipande kimoja, mgongo wa milimita 2 hivi unaozidi kupungua kuelekea nchani. Kinapita juu ya mfupa, kinapinda kidogo kuufuata, halafu kinarudi kunyooka. Mpishi wa hoteli akiletewa mnofu uliochanikachanika, kesho anakwenda meza nyengine.

Sasa kuna fundi mmoja hapa mjini, simtaji jina, anatangaza visu vyake kwenye makundi ya WhatsApp. Picha nzuri, mpini umepigwa msasa mpaka unang'ara. Nikamuuliza kabla sijalipa: chuma gani hichi? Akanambia ni stenlesi ngumu, ameichoma mwenyewe na kuichovya kwenye mafuta. Nikalipa 45,000. Nguru wa mwanzo tu, makali yakalala. Nikanoa, yakalala tena. Nikatoa sumaku kwenye spika mbovu nikaiweka kwenye bapa. Haishiki kabisa.

Wanaojua chuma washanielewa. Stenlesi isiyoshika sumaku ni ile ya masinki na meza za jikoni, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Kutu haishiki kirahisi, kweli, lakini haiwi ngumu kwa moto wowote ule. Ichome, ichovye mafuta, ichovye maji, itatoka laini vile vile. Stenlesi ya visu ni nyengine: ina kaboni ya kutosha, inashika sumaku, na inataka moto wa nyuzi 1,000 na zaidi ndipo ikamate ugumu. Kwa hiyo msije mkanambia fundi alikosea moto. Kanidanganya macho makavu.

Nilipomrudishia, jibu lake: "Wewe hujui kunoa." Mie! Mtu ambaye riziki yake imo kwenye kinoo!

Na si mie peke yangu. Mwenzangu wa meza ya jirani, kisu chake cha fundi huyo huyo kimekatika pale mpini unapoanzia, yuko katikati ya kubandua ngozi. Tulipoupasua mpini tukakuta msuka wa urefu wa pingili ya kidole, uliobaki wote ni gundi. Kiganja kikachanika. Akakaa nyumbani bila ya kipato na watoto wanataka kula. Hili ndilo lililonifanya niandike, maana pesa yangu ningeweza kuisamehe.

Panga linastahimili uvivu wa fundi kwa sababu ya unene wake. Kisu chembamba hakistahimili. Kikiwa laini kinapinda na hakirudi. Kikiwa kigumu kupita kiasi kinakatika, ndiyo maana baada ya kuchovywa lazima kirudishwe kwenye moto mdogo, nyuzi 200 hivi, mpaka chuma kiingie rangi ya manjano ya majani makavu. Na hata kikitoka salama hapo, mtu akikisaga kwa grenda bila ya kukipoza na maji mpaka ukingo ukageuka buluu, ugumu ushaondoka. Halafu msasa unaifuta ile buluu na mnunuzi haoni kitu! Ndiyo maana nasema kwenye kisu chembamba unanunua neno la fundi, na neno hilo ndilo wanalolichezea.

Mafundi wakweli wapo. Yuko mzee mmoja Wete, Pemba, mhunzi, alinifulia kisu kwa springi ya gari. Chuma hicho kina kaboni karibu asilimia 0.6, kinakamata ugumu vizuri. Aliniambia kabla sijatoa shilingi: "Hichi kitashika kutu, wewe uko kwenye maji chumvi. Kikaushe, kipake mafuta ya nazi kila ukimaliza kazi." Kimeingia weusi kama alivyosema, na makali yapo mpaka leo.

Najua watakuja wa "nunueni vya nje tu". Visu vya Mora kutoka Uswidi ni vizuri, sibishi, na vinaandikwa wazi kama ni vya kaboni au vya stenlesi. Lakini kuandika tu, mhunzi wetu anashindwa nini? Kugonga alama yake kwenye bapa na kusema chuma alichotumia kunataka mtaji gani?

Fundi, najua umo humu unasoma. Rejesha pesa yangu, na kamlipie mwenzangu gharama za mkono wake.

Na nyinyi wengine mlionunua visu vyembamba hapa Unguja au Pemba, wekeni picha. Semeni sumaku inashika au haishiki, na kama fundi alikubali kukuonyesheni msuka kabla ya kuutia mpini. Anayekataa kuonyesha, tusinunue kwake.