Vuli ya Tucson imejificha wapi?

Mgeni wa Jangwani: Wakubwa, shikamooni. Nina miezi minne hapa Tucson, Arizona. Oktoba hii, eti ni vuli, msimu wa majani kugeuka rangi, lakini bado nyuzi 35, feni haipumziki. Leo jamaa wa kazini kaniletea jani la njano kabisa, eti kaliokota mlimani, Mount Lemmon. Ni kama saa moja tu kwa gari! Inakuwaje?

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Mji uko mita 730 hivi, kilele cha Lemmon ni 2,791. Hewa kavu ikipanda mita 1,000 hupoteza karibu nyuzi 10. Mwaka jana nilikwenda na kandambili na khanga, najua jangwa ni jangwa. Nikaishia kununua soksi Summerhaven, kijiji cha huko juu mlimani, bei ya kuuma!

Mgeni wa Jangwani: 😂 Pole mama. Huku bondeni majani hayageuki?

Mama Neema: Yanageuka, ila vuli hushuka mlima taratibu. Nenda Sabino Canyon, korongo la huku chini, mwishoni mwa Novemba, miti ya kando ya kijito ndipo inaanza kuwa njano. Saguaro, ile kaktasi ndefu ya jangwani, hana habari, kijani mwaka mzima.

Dereva wa Usiku: Jaza tangi kabla ya kupanda. Na koti, bwana mdogo.