Chai ya mnanaa inanizidishia kiungulia, nakosea wapi?

Kakonyo
Habari wakuu, naomba msaada kwa wanaojua mitishamba. Nilipanda mnanaa kakonyo kamoja tu, saa hii umetambaa nusu ya bustani mpaka naugawa. Bibi yangu alikuwa anatupa chai yake tukivimbiwa au tumbo likisokota na kweli lilikuwa linatulia, basi nikasema huu ndo dawa ya tumbo, na kiungulia changu cha usiku nimalizane nacho. Wiki ya pili sasa nakunywa kikombe kabla ya kulala na kiungulia ndo kwanza kimepamba moto, naamka koo linawaka. Nipunguze majani au nachemsha vibaya? La pili, mwanangu wa miezi 4 ana mafua, nimepewa kichupa cha mafuta ya mnanaa eti nimpake chini ya pua. Nimpake?

Mama Wawili
Naanza na la mtoto, USIMPAKE tafadhali. Yale mafuta yana mentholi (ile kitu inayoleta ubaridi) nyingi sana na kwa mtoto mchanga ikimfika puani koo linaweza kukaza akashindwa kupumua, na kumfukizia kwa maji ya moto usijaribu pia, watoto wanaungua. Mtilie matone ya maji ya chumvi yale ya puani ya dukani, mnyonyeshe mara kwa mara. Ukiona anahema haraka haraka, au kifua kinabonyea chini ya mbavu, au anakataa kunyonya, hapo ni hospitali muda huohuo usisubiri kukuche.

Mzee wa Majani
Bibi yako alikuwa sahihi kabisa, ila ugonjwa wako ni mwingine. Mnanaa unalegeza misuli ya tumbo na utumbo, ndo maana msokoto unaachia na gesi inatoka. Sasa pale umio unapoingia tumboni kuna msuli unaofunga kama mlango ili asidi isipande, na huo nao mnanaa unaulegeza vilevile, halafu wewe unakunywa unaenda kulala chali, asidi lazima ipande. Kwa hiyo hata upunguze majani haisaidii, acha tu. Mwenye utumbo unaosokota ndo wa kunywa, na kuna hata vidonge vya mafuta yake vimevikwa ganda ili visiyeyuke tumboni mpaka vifike kwenye utumbo, sababu ni hiyohiyo.

Kwa wengine humu wasio na kiungulia, msiuchemshe ukatokota. Chukua kiganja cha majani mabichi, yafikiche, mimina maji yaliyochemka ufunike dakika 5 hadi 10, maana dawa iko kwenye ile harufu na ukiacha wazi inaondoka na mvuke. Na mafuta ya kichupa ni makali mno, usinywe yalivyo.

Jirani Mwema
Mbona mi nakunywa kila siku sipati kiungulia? Na pua ikiziba nikivuta harufu yake inafunguka palepale

Mzee wa Majani
Watu tunatofautiana ndugu yangu, na mnanaa nao una aina. Ule wa harufu tamu isiyobaridisha ulimi una mentholi kidogo sana, ule unaochoma kwa ubaridi ndo wenye nyingi. Kuhusu pua, mentholi inaamsha neva zinazohisi baridi, unahisi hewa inapita vizuri lakini uvimbe wa ndani uko palepale. Nafuu unaipata, hilo silikatai.

Kakonyo
Asanteni sana, yaani Mama Wawili umeniokoa, nilikuwa nimeshakifungua kichupa. Mtoto nimemtilia maji ya chumvi ananyonya vizuri. Chai nimeacha siku 4 na jana nimelala mpaka asubuhi. Wa kwangu nimeonja ni ule wa ubaridi. Je kichwa kikiuma naweza kutumia hayo mafuta mimi mwenyewe?

Mama Wawili
Mtu mzima unaweza, yazimue kwanza kwenye mafuta ya kawaida, paka kwenye paji la uso mbali na macho. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujambeba mtoto, na usimlaze uso wake karibu na paji lako.